Magari kabla ya safari: someni kabla ya Jumamosi

Wadau, salaam. Nimepitia picha zote za magari mlizotuma. Kazi nzuri, ila karia (fremu za kubebea mizigo juu ya paa) zimenitia hofu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukipandisha madumu mawili ya lita 20 juu, pamoja na hema na tairi ya akiba, gari itataka kulala kwenye mteremko wa pembeni hata kabla hujagusa jiwe. Maji na vyuma vishuke ndani, chini kabisa, mbele ya ekseli ya nyuma.

Kunyanyua gari inchi 2 kwa springi ndefu zaidi ili bodi ikae juu kunatutosha. Aliyezidisha aingie chini ya gari, magurudumu yakining'inia na usukani ukatwe mpaka mwisho, atazame mipira ya breki. Wangu ulikuwa umevutika kama uzi wa gitaa, na fundi alishaniambia "iko poa, bosi". Siku hizi nalala chini mwenyewe.

Kwenye mawe tutashusha upepo wa tairi hadi PSI 18 hivi (PSI ni kipimo cha upepo kwenye geji), kwa hiyo geji na pampu ni lazima. Waliofunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, spidomita itawadanganya: mwendo halisi ni zaidi ya inavyosoma.

Hili sibembelezi mtu: hakuna kuvuta gari iliyokwama kwa kile kichwa cha duara cha kufungia trela. Kikikatika kinaruka kama risasi. Fungeni ndoano kwenye chesisi.

Winchi (mashine ya kuvutia gari iliyokwama kwa kamba) mbili zinatosha msafara mzima. Ukaguzi Jumamosi saa mbili asubuhi, mje na nguo za kuchafuka.