Barua kwa Mwanahamisi, kabla hujambusu mjukuu

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanahamisi,

Salamu nyingi, na hongera ya mjukuu. Mungu amkuze, ampe mama yake nguvu na maziwa tele. Ujumbe wako wa juzi niliusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahia mtoto. Mara ya pili macho yaliganda kwenye mstari wa mwisho, ule uliouandika kama jambo dogo: kwamba mdomo umekubabuka baada ya homa, na ndani nako kuna vidonda, basi nikutumie zile karafuu za marehemu mama. Karafuu zimo humu kwenye kifurushi. Lakini nimeona nikuandikie barua kabisa, maana kwenye simu tungepiga soga hadi salio likaisha kabla sijafika ninapotaka kufika. Na barua unaweza kumpa binti yako naye akaisoma.

Nianze na la haraka. Mpaka mdomo ukauke kabisa na ngozi irudi kuwa ngozi, usimbusu mtoto. Usimshike usoni wala mikononi kabla ya kunawa kwa sabuni. Mengine yote yanaweza kusubiri, hili haliwezi.

Mimi na wewe tulilelewa tukiviita vyote "vidonda vya mdomo". Kumbe ni maradhi mawili yasiyo na udugu. Chukua kioo, washa tochi ya simu, uvute mdomo wa chini uangalie. Kidonda cha ndani ni kiduara kama punje ya choroko, katikati cheupe kinachoelekea manjano, pembeni kimezungukwa na pete nyekundu. Kinakaa ndani ya shavu, chini ya ulimi, au kwenye ile nyama laini ya ndani ya mdomo. Kinauma kuliko ukubwa wake, lakini hakimwambukizi mtu.

Cha nje kina tabia nyingine. Kwanza pale ukingoni mwa mdomo panachonyota na kufukuta, na hujaona kitu bado. Kesho yake vinatokeza vilengelenge vidogo vilivyosongamana, vina maji ndani. Vinapasuka, vinachuruzika, kisha vinafunga kigaga. Hicho ni kirusi, kinaitwa herpesi, na kinaambukiza tangu ile siku ya kuchonyota.

Unakumbuka mama alivyokuwa akisema "homa imetokea mdomoni", na akasema kwa furaha, kwamba sasa mgonjwa anapona? Daktari mmoja wa zahanati alinikalisha akanieleza vizuri. Wengi wetu tulikipata kirusi hiki utotoni kwa kubusiwa na watu wazima, na kikishaingia hakitoki. Kinajificha kwenye mshipa wa fahamu wa uso, kimya, hata miaka. Homa ikipanda, au jua kali likikupiga, au uchovu, au huzuni, au hedhi kwa wanaopata, kinaamka na kurudi kwa mshipa uleule. Ndiyo maana mara nyingi kinatokea upande uleule wa mdomo. Kwa hiyo homa ndiyo imekiamsha. Haina maana kwamba malaria imetoka. Na je, hiyo homa ulipima, au ulinunua tu dawa mseto kwa kuuangalia mdomo? Mafua peke yake yanaweza kuubabua mdomo. Kama hukupima na bado unasikia baridi jioni, nenda kesho asubuhi wakakutoboe kidole.

Na wale majirani wanaotazamana mtu akipita na mdomo umebabuka, waache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 walikuwa na kirusi hiki, yaani 64 katika kila 100. Anayekunyooshea kidole huenda anacho yeye mwenyewe, ila hakijamwamkia.

Nina sababu ya kuling'ang'ania hili la mtoto, na sijawahi kukusimulia.

Yule mjukuu wangu wa Pongwe, alipokuwa na mwaka na miezi minne, nilikwenda kukaa nao. Nilikuwa nimetoka kuugua, nina kigaga kidogo pembeni mwa mdomo, wala sikukijali. Nilimbusu kama bibi yeyote anavyobusu. Uji wake nilikuwa nauonja kwanza usimuunguze, kisha namlisha kwa kijiko kilekile. Sikuwa hata nimerudi nyumbani, mtoto akashikwa na homa. Fizi zikavimba zikawa nyekundu, ukizigusa zinatoa damu. Ulimi na midomo ikajaa vidonda, udenda unamtiririka mpaka kifuani. Titi hataki, uji hataki, maji hataki. Siku ya tatu alikuwa analia bila machozi na nepi iko kavu tangu alfajiri. Tukamkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu. Daktari akauliza: nani nyumbani alikuwa na malengelenge mdomoni? Nilinyamaza kidogo, kisha nikasema ni mimi.

Alipona, alhamdulillahi, leo anakimbia huko. Lakini huyo alikuwa ameshapita mwaka. Wako ana siku tisa. Kwa mtoto mchanga, hasa katika wiki zile za mwanzo, kirusi hiki kinaweza kupenya hadi kwenye ubongo na ini, na kinaua. Ukiona hanyonyi kama jana, amelegea, mwili umechemka au umekuwa wa baridi, au kuna kilengelenge popote kwenye ngozi, hata kimoja, msingoje kupambazuke. Hospitali saa hiyohiyo, na mwambieni daktari kwamba bibi alikuwa na mdomo uliobabuka. Kulisema hilo kunawasaidia kumtibu mapema.

Wageni nao watakuja na sabuni zao na khanga, kila mmoja anataka kumbusu. Binti yako akiona haya kukataa, aseme ni mimi niliyekataza kutoka Tanga. Naye mwenyewe akija kubabuka mdomo asiache kunyonyesha, maziwa hayana neno. Anawe mikono, avae barakoa, asimbusu. Ila kama kilengelenge kimetokea kwenye titi, titi hilo mtoto asiliguse, na aende akaonwe.

Sasa mdomo wako. Achana na ndimu na chumvi! Nilifanya hivyo mwaka ule wa harusi ya kaka, kigaga kikapasuka, kikaota usaha, nikakaa nacho wiki tatu. Duka la dawa wakaniuzia rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, nikameza zote, wala hazikusaidia kitu, kwa sababu zile huua bakteria, na hiki ni kirusi. Loweka kitambaa safi kwenye maji baridi, ukikande dakika kama kumi, mara kadhaa kwa siku, halafu kitambaa kifuliwe kwa maji ya moto kisiguswe na mwingine. Kigaga kikianza kukakamaa, paka mafuta ya Vaseline kwa pamba. Usichovye kidole kwenye kopo la nyumba nzima, jitengee kako. Usikitumbue, usikibandue. Ukitoka juani jifunike khanga. Kikombe, kijiko na taulo viwe vyako peke yako, na mkono ulioushika mdomo usiende jichoni, maana kirusi hiki kikiingia kwenye jicho kinaweza kuharibu uwezo wa kuona. Iko krimu ya asaiklova, hupakwa mara 5 kwa siku kwa siku 5, lakini inafaa zaidi ukiianza siku ile ya kuchonyota. Kama vilengelenge vimeshapasuka haitakusaidia sana, bora fedha ununue maziwa ya kumnywesha mzazi. Bila chochote, kwa siku kumi hivi mdomo unakuwa umekauka.

Haya, karafuu. Hizi ni za vile vya ndani.

Mama alikuwa anazihesabu kwenye kiganja, sita au saba, ziwe na vichwa vyake, kwa sababu karafuu iliyopoteza kichwa alisema imeshachoka. Alizitia kwenye sufuria ndogo na kikombe kimoja cha maji, akaziacha zichemke taratibu mpaka maji yapate rangi ya chai ya rangi na harufu ijae uani. Kisha alifunika. Hapa ndipo alipokuwa mkali: hakuna kugusa mpaka yapoe kabisa, kwani kidonda kikipata moto kinapanuka. Yakishapoa unayashikilia upande wa kidonda, unahesabu mpaka thelathini, unatema. Utasikia ulimi unakufa ganzi kidogo. Ganzi hiyo inatoka kwenye mafuta ya karafuu, yujenoli, ambayo hata madaktari wa meno wanayatumia. Hayaponyi kidonda, ila yanakupa nafasi ya kula.

Lakini mafuta yenyewe, yale ya kwenye kichupa, usiyapake yakiwa matupu. Mimi niliwahi kuchovya pamba nikaibana kwenye shavu. Ndani ya dakika chache nyama iligeuka nyeupe, kesho yake ikabanduka, na kidonda cha punje ya choroko kikawa cha ukubwa wa senti tano.

Kwa hivyo vya ndani, dawa ninayoiamini kuliko zote ni chumvi. Nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, sukutua, tema, mara tatu nne kwa siku na kila baada ya kula. Kinachonyota, vumilia, kinasafisha. Wengine wanatumia bekingi soda, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu kikombe cha maji, nayo ni nzuri na haichonyoti sana. Ila hakikisha ni bekingi soda, si bekingi pauda, na wala si magadi yale ya kulainishia maharage, hayo yatakuunguza. Usiku, ukishapiga mswaki, paka tone la asali juu ya kidonda ulale nayo. Nimekuwekea chupa ya nyuki wadogo. Asali hiyo ni yako, shoga yangu. Mtoto asilambishwe hata kwa ncha ya kidole mpaka atimize mwaka, kwa sababu ndani ya asali kunaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda, vikamlegeza misuli hata kushindwa kupumua. Najua kwetu ni desturi. Tumieni tende iliyolainishwa vizuri, mkono umenawa, na mlainishaji asiwe wewe.

Siku hizi mbili tatu weka kando achari, pilipili, nanasi, embe mbichi na karanga za kukaanga. Kunywa uji uliopoa, kula mtori.

Na kama vya ndani vinakurudia kila mwezi, kama ulivyoniambia mwaka jana, basi usihangaike na vidonda, tafuta kinachovileta. Tazama mswaki, usije ukawa mgumu unakuchuna. Tazama boksi la dawa ya meno kama kuna SLS, yaani sodium lauryl sulfate: hiyo ni dawa ya kutoa povu, na watu wengine wakiiacha vidonda vinapungua. Jino lililomeguka nalo linakwaruza ulimi mchana kutwa. Halafu kuna damu. Upungufu wa madini ya chuma, wa vitamini ya foliki, au wa vitamini B12 unavileta, na wewe tangu zamani ukiinuka unaona kizunguzungu. Waombe wakupime wingi wa damu. Kula maini, dagaa, mayai, mchicha na maharage, na chai uinywe baadaye, usiiteremshie chakula, maana inazuia chuma kuingia mwilini.

Kidonda cha ndani kikipita wiki mbili hakijafunga, au kikiwa kigumu, au hakiumi lakini hakiondoki, nenda hospitali. Mwambie na shemeji, yeye na ule ugoro wake anaoubana kwenye mdomo upande mmoja. Alikuwa na kidonda pale nilipokuja Morogoro, nilikiona akicheka. Tafadhali, Mwanahamisi, hili usilifanye la kesho.

Kifurushi kitakuja na basi la asubuhi. Karafuu nimezifunga kwenye kile kitambaa cha mama chenye maua ya bluu, ukikitambua nitafurahi. Kwenye chupa ya asali nimeandika kwa kalamu nene YA BIBI. Khanga mbili ni za mzazi.

Arobaini nitakuja, Mungu akipenda. Nitandikie kile chumba cha uani. Nikishuka garini nitatafuta kwanza maji na sabuni, nitajitazama mdomo kwenye kioo chako cha mlangoni, ndipo unipe mtoto nimshike.

Wako wa tangu darasa la kwanza,
Rukia