Shukrani za Familia ya Marehemu Cucu wa Miche, Tetu, Nyeri

Ebenezeri, hadi hapa Bwana ametusaidia. Sisi wana, wakaza mwana na wajukuu wa mama yetu, ambaye Tetu nzima ilimwita Cucu wa Miche, yaani nyanya wa miche, tunawashukuru nyote mliosimama nasi tangu alipolazwa hospitalini hadi tulipomlaza kaburini.

Wengi mmeuliza habari ya lile jeneza la mianzi tulilomzikia mama. Mama alikuwa mmoja wa wanawake walioitikia wito wa Profesa Wangari Maathai, binti wa Ihithe, aliyeanzisha Green Belt Movement, vuguvugu la kupanda miti, mwaka wa 1977. Alianza na mikebe ya mafuta ya Kasuku iliyotobolewa kwa msumari, mbegu za kuokota msituni, na ujira mdogo kwa kila mche ulioshika. Ujira huo umetulipia karo. Januari 1999 alikuwepo katika msitu wa Karura, Nairobi, wakati Profesa na wenzake walipopigwa kwa kutaka kupanda mti. Na Profesa alipofariki Septemba 2011, akiwa amesema asizikwe katika jeneza la mbao, akatengenezewa la mianzi, mafunjo na magugu maji. Mama aliporudi kutoka kumuaga Uhuru Park alitukalisha chini: "Hata mimi, msinikatie mti."

Tukaitikia tu. Wakati wenyewe ulipofika ndipo tulipoona kazi. Kila karakana tuliyopigia simu ilikuwa na mbao tupu. Wazee wetu wakateta kwamba tunataka kumzika mama kwenye kikapu. Bili ya mochari inapanda, tangazo limeshatoka, jeneza hakuna. Jioni jirani akatuletea fundi wa viti vya mianzi, ambaye hakuwa ametengeneza jeneza maishani mwake. Alipima kwa kamba, akakesha bandani kwa ng'ombe akipasua mianzi na kusuka, vidole vimechanika. Alfajiri akatuita tuliinue tuone kama litahimili. Likahimili. Tulipouliza bei, akataja ya mianzi peke yake. Miti ya miringa iliyozunguka boma lake, alisema, ilitoka kwa mama. Fundi, Mungu akuzidishie. Na wazee waliopinga tunawashukuru pia, maana ndio waliotangulia kulitia begani.

Muuguzi wa zamu ya usiku uliyekuwa ukimfungulia mama dirisha asikie mvua, hatuna cha kukulipa.

Asanteni madaktari, mchungaji na wazee wa kanisa, akina mama, kwaya, Chifu, wanachama wa chama cha kitalu, walimu na wanafunzi, mliochanga kwa M-Pesa, mliotoa magari, mahema na sufuria, vijana mliochimba kaburi matopeni, watu wa boda boda, majirani wote, na ndugu mliosafiri kutoka Mombasa, Eldoret na ng'ambo. Mlioleta miche ya mugumo na muiri badala ya mashada, mlitufariji mno.

Tumeacha wengi, tunajua. Kuna mtu aliyelipia maziwa yote ya chai ya matanga na hadi leo hajajitaja. Tafadhali, ambaye hajaona jina la kundi lake hapa asidhani amesahaulika. Tuwieni radhi, hasa mliokosa kiti na chakula mvua ilipotubana. Mola anawajua kila mmoja kwa jina, naye awalipe pale tulipopungukiwa.

Miche iliyobaki kitaluni itagawiwa bure nyumbani kila Jumamosi asubuhi hadi iishe. Njooni na vikapu. Mifuko ya plastiki mama hakuiruhusu langoni.

Kwa niaba ya familia,
Wanawe