Njoo na swali la mto wako

Dar es Salaam, Jumapili

Zawadi shoga yangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia unataka kusoma shahada ya uzamili ya rasilimali za maji. Umeniuliza kama haidrolojia, yaani sayansi ya maji, ni hesabu na kompyuta tu. Hesabu zipo, tena nyingi, ila kilichonishika mimi ni Ruaha Mkuu, mto wa kwenu.

Tangu miaka ya 1990 unakatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Maji ya bonde la Usangu hujikusanya kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha hutokea mahali paitwapo N'Giriama kwa kupita juu ya mwamba. Usawa wa maji ukishuka chini ya kimo cha mwamba huo, mto unakauka huku Ihefu ikiwa bado na maji! Ndipo viboko wanapobanana kwenye madimbwi.

Mgawo wa umeme ulipotukumba, lawama ziliwaangukia wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu, eti wao ndio wameikausha Mtera, bwawa la umeme la mto huo. Lakini watafiti walipopiga hesabu ya maji yanayoingia na yanayotoka, walikuta sehemu kubwa ya maji ya Mtera huingia wakati wa mvua, na kwamba namna mabwawa yalivyoendeshwa ilichangia sana. Hata hivyo, kuanzia 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu. Hilo linaniuma. Watu wanahamishwa kwao, na hesabu ipo.

Hesabu yenyewe huanzia mtoni. Mnavuta kamba toka ukingo hadi ukingo, mnapima kina hatua kwa hatua, mnashusha propela ya kupimia kasi ya maji hadi asilimia 60 ya kina kutoka juu, maana hapo kasi inakaribia wastani. Kina, upana na kasi vinakupa mtiririko. Mkirudia masika na kiangazi, mnapata mchoro unaowaambia rula ya kina iliyosimikwa mtoni ikisoma hivi, maji ni kiasi hiki. Gharika moja ikihamisha mchanga, mchoro unaanza kudanganya, na modeli yoyote ya kompyuta utakayoilisha takwimu hizo itadanganya nayo. Kwa hiyo usikubali kufungiwa maabara ya kompyuta miaka miwili.

Kabla hujaandika andiko lako la utafiti, nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, iko hapo hapo Iringa. Omba takwimu za kituo kimoja tu cha kupimia mto, uone miezi ipi haina kitu. Nitumie rasimu, nitaisoma usiku huo huo.

Mwambie mama shikamoo.

Wako,
Neema