Edinburgh nao walibomoa, tena sana

Ndugu Mhariri, habari za kazi.

Nimesoma makala yenu ya wiki jana kuhusu majumba ya zamani yanavyobomolewa Dar, mengi nakubaliana nayo, ila pale mwandishi aliposema tuwaige Edinburgh, huku Skotlandi, kwa sababu wao hawajagusa jiwe, nikacheka peke yangu kwenye basi. Mi naishi huku Leith, upande wa bandarini wa Edinburgh, mwaka wa kumi na tano saivi.

Mwandishi wenu aanzie anaposhuka kwenye treni. Stesheni ya Waverley imekalia kanisa. Trinity lilikuwepo tangu miaka ya 1460, mwaka 1848 likabomolewa kupisha reli, ikasemwa litajengwa upya, mawe yakaandikwa namba moja moja yakapangwa juu ya kilima cha Calton. Yakakaa huko mpaka 1872. Miaka 24 mhariri, mawe ya kuchonga yako wazi tu mlimani, unategemea nini, watu wakajibebea, yaliyobaki yakatosha kipande tu cha kanisa ambacho kipo mpaka leo kichochoroni Chalmers Close.

Na George Square je? Mwalimu Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh 1949 hadi 1952, na enzi zake nyumba za upande wa kusini wa ule uwanja, za karne ya 18, zilikuwa bado zimesimama. Sisi tunasherehekea uhuru, chuo chenyewe ndo kinazibomoa, watu wakapiga kelele weee, wapi. Leo pale kuna maktaba na minara ya zege. Upande wa magharibi umebaki, ukisimama katikati unaona karne mbili zinatazamana kama mashemeji waliogombana.

St James ndo usiseme. Mtaa mzima uliochorwa na James Craig, msanifu yule yule aliyechora ramani ya Mji Mpya (New Town) wa Edinburgh, ulifagiliwa miaka ya 60 likaja dude la zege la maduka na ofisi za serikali, nimefanya usafi mle ndani miaka miwili, lilikuwa baya ndani na nje, wala sikumsikia mtu akililia walipoanza kulivunja 2016. Mwaka 2021 wakafungua jipya, na hoteli yake imezungushiwa mkanda wa rangi ya dhahabu unaojipinda mpaka juu, wenyeji wakaibatiza, samahani mhariri, mavi ya dhahabu.

Sasa huku kwetu Leith ndo kuna uchungu wenyewe, maana mitaa ya makabwela haina wa kuitetea. Leith ilikuwa mji unaojitegemea, wenyeji wakaulizwa kwa kura kama wanataka kuungana na Edinburgh wakakataa, 1920 wakaunganishwa hivyo hivyo. Kirkgate, barabara yao ya maduka, ikabomolewa miaka ya 60. Yakaja maghorofa, moja limepinda kama ndizi na wote tunaliita hivyo, Banana Flats, watu walilisema vibaya miaka nenda rudi, halafu 2017 likapewa ulinzi wa daraja A, yani hadhi ya juu kabisa ya jengo la urithi! Zege lililokuja na bomoabomoa leo lenyewe haliguswi.

Lakini 2018 walipotaka kuvunja safu ya maduka ya mawe mekundu pale Leith Walk wajenge hosteli za wanafunzi, watu walikusanya saini maelfu na halmashauri ikakataa mwaka uliofuata. Nami nilisaini, jirani yangu bibi mmoja wa Kiskoti ndo aliniletea karatasi mlangoni. Tangu tramu ifike 2023 kodi za nyumba hazishikiki, hilo nalo ni bomoabomoa ila halina vumbi.

Ile picha ya Edinburgh mliyoweka kwenye makala imepigwa kilima cha Calton, palepale mawe yalipoibiwa, na ile hoteli naona mmeikata pembeni. Siku nyingine wekeni picha nzima.

Msomaji wenu,
Leith, Edinburgh