Chikichi za jirani usizioteshe

Mwandiga, Kigoma

Rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani Tabora. Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusikia kwamba lile shamba la Ilagala umelirudia. Ila pale ulipoandika kuwa jirani amekuahidi gunia la chikichi kutoka kwenye michikichi yake ya tenera, ile aina chotara, ili uoteshe kitalu mwenyewe, nimeona nisingoje tuonane. Nakuomba usizioteshe.

Hesabu yako naielewa. Mti ule unazaa nyama nene, ganda jembamba, mawese tele; basi mbegu zake zitaleta miti ya namna hiyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa mchikichi wetu wa asili, dura, ndivyo ilivyo hasa: dura kwa dura huzaa dura. Tenera ni chotara. Mama yake ni dura mwenye ganda nene, baba yake ni pisifera, ambaye chikichi zake hazina ganda. Beirnaert na Vanderweyen, waliofanya utafiti Yangambi huko Kongo, walilieleza jambo hili mwaka 1941: unene wa ganda hutawaliwa na jeni moja, na tenera amerithi upande mmoja kwa mama, mwingine kwa baba.

Sasa tenera wakichavushana wao kwa wao, mchanganyiko ule unaachana. Kwa wastani robo ya miche hurudi kuwa dura, nusu huwa tenera, robo huwa pisifera. Chukua ekari moja: ukipanda kwa pembetatu, nafasi ya mita 9, inaingia miche kama 56. Uliyoitaka ni 28 tu. Mingine 14 ni dura, ambayo tayari unayo. Na 14 iliyobaki ni pisifera, ambayo mara nyingi mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Kitaluni huwezi kuibagua kwa macho. Utaipalilia, utaitilia mbolea, utaingoja miaka mitatu au minne, ndipo chikichi za kwanza zikuambie ulipanda nini. Na kama chavua ilitoka kwa dura za jirani, maana huko Ilagala dura ziko kila upande, pisifera hutazipata, lakini karibu nusu ya shamba itakuwa dura. Mti huu unavunwa miaka 25 na zaidi! Siyo mahindi, kwamba msimu ujao utabadilisha mbegu.

Nadhani mihogo na migomba ndiyo iliyotuzoesha vibaya. Pingili ya muhogo au chipukizi la mgomba ni mmea uleule unaendelea, nakala yake halisi, kiasi kwamba hata maradhi husafiri nayo. Ukipanda pingili yenye batobato, umepanda na batobato. Mchikichi una kilele kimoja tu cha kukulia. Hautoi machipukizi, wala haukatwi pingili. Maabara huweza kuunakili kwa kukuza vipande vya tishu kwenye chupa, lakini baadhi ya nakala hizo zilitoa maua yenye kasoro na matunda yasiyofaa, na chanzo kilielezwa mwaka 2015: jeni zilikuwa zilezile, ila alama za kemikali zinazonyamazisha kipande kimoja ndani ya jeni zilikuwa zimefutika. Jambo hili linanistaajabisha kila nikilifikiria.

Kwa hiyo tenera hutengenezwa upya kila mara. Ua la kike la dura bora hufunikwa kwa mfuko kabla halijafunguka, kisha hupuliziwa chavua ya pisifera, na watoto wote hutoka tenera. Kazi hiyo inafanywa hapahapa kwetu, kituo cha Kihinga cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Mbegu au miche ichukue huko, hata ikibidi uanze na ekari moja na nyingine ungoje mwakani. Naona afadhali shamba dogo la tenera tupu kuliko kubwa usilolijua.

Gunia la jirani lipokee kwa shukrani, mkamue mawese, na mise, zile kokwa za ndani, mtoe mafuta yake. Ukishafyeka niandikie ni ekari ngapi, nikuulizie miche Kihinga mapema, kabla mvua hazijaanza.

Wasalaam,
Rafiki yako wa Mwandiga