Wanangu wa zamu za usiku, na mikono yenu ipimwe

Wanangu,

Asalaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Nawaandikia ninyi mnaofanya kazi kwenye nyumba za wazee hapa Uingereza, mnaotoka jioni na kurudi kumekucha, mnaoniita Mama hata wale wenye mvi kunizidi. Kazi hiyo nimeifanya miaka 19 mpaka nikastaafu, kwa hiyo nisikilizeni kama mtu aliyevaa viatu hivyo hivyo vya mpira mnavyovaa.

Kila alfajiri nilikuwa namfunga mzee wa Kizungu mkanda mkononi, nabonyeza kitufe, naandika namba kwenye karatasi yake. Nampa kidonge, nasimama mpaka ameze, natia saini. Akikataa dawa siku mbili, daktari anapigiwa simu. Na mimi mwenyewe nilikuja na presha yangu kutoka Tanga. Dawa zangu zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda. Zilipoisha mwezi wa tatu, hakuna aliyempigia daktari.

Nikajiambia nimepona. Kichwa hakiumi, kizunguzungu sina, nanyanyua watu wazima wawili wawili kwa usiku. Nikamwambia dada yangu kwenye simu kwamba hewa ya huku imenitibu, naye akamshukuru Mungu. Usiku mmoja ikaletwa mashine mpya, mwenzangu akaijaribu kwangu kwa utani: 198 kwa 112. Akasema mbovu hii, akajipima yeye: 118 kwa 74. Tukatazamana.

Hapo ndipo nilipojua kuwa kwenye presha mwili si shahidi. Malaria inakutetemesha, jino linakukesha, lakini presha inaweza kukaa ndani miaka ikila figo na moyo nawe unacheka. Nikisikia kijana anasema "mimi presha yangu ikipanda najijua", naomba mkono wake nimpime palepale. Mara nyingi hajui lolote.

Sasa mtaniuliza, Mama, uliona 198 na bado hukwenda kwa daktari? Sikwenda, miezi mingine minne. Sababu mnaijua: makaratasi. Wengine wetu tuliingia kwa viza moja tukabaki kwa nyingine, wengine walijilipua, yaani waliomba ukimbizi, na kila mlango wenye kaunta tuliuona kama uhamiaji. Basi niwaambie wazi, maana woga huu umezika watu. Kujiandikisha kwa GP, yule daktari wa mtaani, hapa England ni bure, na hali yako ya viza si sharti. Huna barua ya umeme yenye jina lako? Hiyo nayo si sababu ya kukukataa. Mhudumu wa mapokezi akikaza uso, mwambie taratibu kwamba mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya serikali, hauhitaji hivyo, au nenda na mtu anayejua kusema. Hospitali ndiyo yenye maswali ya viza. Chumba cha dharura hakitozi, lakini ukilazwa na huna haki ya matibabu ya bure, bili inakuja. Kwa hiyo anayemkimbia GP anaukimbia mlango wa bure, kisha kiharusi kinambeba mpaka kwenye mlango wa bili.

Dawa zenyewe zinalipiwa hapa England, tangu Mei 2024 ni pauni 9.90 kwa kila aina. Wa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hawalipi, na ukifika miaka 60 hata huku hulipi. Nimeona watu wanachukua aina moja na kuiacha nyingine kwenye kaunta ili watume hela nyumbani. Muulizeni mfamasia kile cheti cha kulipia mwaka mzima: pauni 114.50, na unaweza kulipa kidogo kidogo. Anayechukua aina 2 kila mwezi anaokoa zaidi ya pauni 120. Mwenye kipato kidogo sana ana fomu yake ya msamaha, iitwayo HC1. Mna bidii ya kutafuta tiketi ya bei poa ya kwenda Dar mwezi wa kumi na mbili. Tafuteni na hii.

Ninalolijua zaidi ni kupima, na hapa mniruhusu niwe mkali kama nilivyokuwa kazini. Mnunue mashine ya mkono wa juu, si ile ya kifundo cha mkono. Mkanda uwe saizi ya mkono wako. Mkono mnene kwenye mkanda mdogo unatoa namba kubwa ya uongo. Nenda chooni kwanza. Keti dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, na usiseme neno. Simu iweke mbali. Nimempima binti mmoja huku anaongea na kaka yake kuhusu mabati ya nyumba ya baba. Mashine ilitoa namba ya kutisha, kumbe ile ilikuwa presha ya mabati. Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi na jioni, siku 7. Mwenye zamu ya usiku, asubuhi yako ni ukiamka, hata kama ni saa tisa alasiri. Namba za siku ya kwanza ziache, zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani, 135 kwa 85 na kuendelea ni ya kumpelekea daktari. Kwenye kliniki mpaka wao ni 140 kwa 90. Usiyetaka kununua mashine na umefika miaka 40, famasi nyingi za England zinapima bure.

Nilipoanza matibabu nilipewa amlodipini. Madaktari wa huku wameelekezwa kutuanzia sisi weusi wenye asili ya Afrika na dawa za kundi hilo. Mwezi wa pili vifundo vya miguu vikavimba, soksi zikaacha alama. Nikasema figo hizo zimekwisha, nikaacha dawa kimya kimya wiki 3. Mfamasia, kijana wa kumzaa, akaniambia ni tabia ya dawa hiyo na inajulikana. Daktari akapunguza dozi, akaniongezea losartani, soksi zikatulia. Ramiprili, dawa nyingine ya presha, nayo huwapa wengine kikohozi kikavu kisichokwisha; akiambiwa, daktari anabadilisha. Ila ukiinywa na midomo au ulimi ukavimba, usingoje miadi, piga 999, namba ya dharura. Na ninyi mabinti mnaotafuta mtoto, ramiprili na losartani hazifai kwenye mimba. Msiache dawa wenyewe, semeni mapema mpewe nyingine.

Begi la nyumbani. Mwenzetu mmoja alikwenda likizo Mwanza, akapimwa, akaambiwa iko juu, akanunua boksi lenye jina asilolijua. Akarudi huku anameza lile na la hapa. Miguu ikawa kama magogo, akisimama dunia inazunguka. Nilipoyasoma maboksi yote mawili, maandishi madogo yalisema kitu kimoja: amlodipini. Jina kubwa ni la kampuni, jina dogo ndilo dawa. Norvasc ni amlodipini, Cozaar ni losartani. Pigeni picha maboksi yenu, zikae kwenye simu. Mkisafiri, mwambieni GP mapema. Kwa safari huwa hawatoi zaidi ya dawa za miezi 3. Zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya maboksi yake, pamoja na karatasi ya daktari. Na msimtumie mama kijijini vidonge vyenu kwa sababu ninyi vimewafaa. Najua mnafanya hivyo, hata mimi nilifanya.

Migongo yetu ya kunyanyua watu inatufanya tumeze brufeni kama karanga. Brufeni na diklofenaki zinapandisha presha na kuumiza figo, na ile panadoli ya kuchemka kwenye glasi ina chumvi nyingi ndani yake. Muulizeni mfamasia mbadala. Chumvi ya chakula, Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu ya mkate wa dukani na vile vidonge vya mchuzi. Ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, anayetoka nyumbani mimi siwezi kumkataa, nisiwe mnafiki. Namlowesha usiku kucha, namwaga maji mara tatu, namla mara moja kwa mwezi. Rosela, kitunguu saumu, mlonge, kuleni kwa raha zenu, lakini visiende kukaa mahali pa kidonge.

Wafungaji wa Ramadhani, nendeni kwa mfamasia tangu Shaabani. Dawa nyingi za mara moja kwa siku zinahamia futari bila tabu. Ile ya kukojoza maji usiimeze wakati wa daku kisha ukafunga siku ndefu ya kiangazi cha huku.

Nimebakiza moja, na ndilo lililonishikisha kalamu. Kulikuwa na kaka yetu mmoja, miaka 46, akiishi nyumba ya kuchangia na vijana wanne. Alikuwa na presha na vidonge vyake aliviweka ndani ya boksi la viatu. Mkewe Arusha hakujua, wenzake hawakujua. Asubuhi moja katoka zamu, akaanza kuongea maneno hayashikani, mdomo umeenda upande. Vijana wakasema kachoka huyu, tumwache alale. Wakamfunika blanketi kwa mapenzi kabisa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, kwa anayefaa kupewa, hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu kiharusi kianze. Wao walimwamsha saa kumi jioni. Wahudumu wa ambulensi wakauliza anatumia dawa gani, nyumba nzima ikanyamaza. Leo yuko kwao, mkono wa kulia umelala, anaandika ujumbe kwa kidole cha kushoto, herufi moja moja.

Mdomo ukipinda, mkono ukishindwa kuinuka, maneno yakivurugika: 999, saa hiyo hiyo. Na mmoja wa mnaoishi naye ajue dawa zako ziko wapi. Mmoja tu anatosha.

Mimi Jumapili nipo nyumbani hapa Reading kuanzia saa nane mchana. Mashine ipo, mikanda ya saizi mbili ipo, chai ya tangawizi ipo. Njooni na maboksi yenu yote, na lile la kwenye boksi la viatu.

Mama yenu