Kuhusu majibu ya Baba

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa watoto. Sisi huku Moshi hatujambo, ila baridi imeshika kwelikweli. Picha ya majibu ya kinyama cha Baba, kile kipande kilichokatwa kisiginoni kikapimwe, imenifikia, na nimeona heri nikuandikie kwa kirefu kuliko kukujibu juu juu kwenye simu huku wagonjwa wamejipanga mlangoni. Umeuliza swali moja tu: Baba atapona? Nitakujibu kwa ninayoyajua kutokana na kazi yangu ya kliniki ya ngozi, na sitakuficha kitu.

Melanoma, hiyo saratani ya ngozi aliyo nayo Baba, huanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Watu wawili wanaweza kuugua ugonjwa huohuo, mmoja akafanyiwa upasuaji akaishi hadi kuzeeka, mwenzake akafariki kabla ya mwaka kwisha. Sehemu kubwa ya tofauti yao huonekana kwenye karatasi kama hiyo uliyonayo mkononi, kwa hiyo isome tena pamoja nami.

Angalia palipoandikwa unene: milimita 3.2. Hiyo ndiyo namba ambayo daktari huitafuta kabla ya nyingine yoyote. Mtaalamu wa maabara hukata kinyama vipande vyembamba mno, akavitia rangi, kisha kwa hadubini akapima kuanzia juu ya ngozi hadi kwenye seli ya saratani iliyozama kuliko zote. Aliyeonyesha uzito wa kipimo hiki, mwaka 1970, ni Alexander Breslow, mwanapatholojia (daktari wa kuchunguza nyama za mwili maabara) wa Marekani, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Huko chini ndiko iliko mishipa ya damu na ya limfu, yale maji ya mwili yanayopita kwenye tezi. Kadiri saratani inavyozama, ndivyo inavyopata njia ya kusafiri. Katika kumbukumbu za wagonjwa wengi wa Marekani, Ulaya na Australia, wale ambao uvimbe wao haukufika milimita 0.8, hauna kidonda na haujafika kwenye tezi, 98 kati ya 100 walikuwa hawajauawa na melanoma baada ya miaka 10. Kwa waliozidi milimita 4 na wenye kidonda, hata kama tezi zilikuwa safi, ni 75. Baba yuko katikati.

Sasa hicho kidonda. Majibu yanasema ngozi juu ya uvimbe imechimbika, na hilo linaongeza hatari lenyewe, mbali na unene. Uvimbe wa milimita 3.2 wenye kidonda huwekwa katika hatua ileile ya ugonjwa na uliozidi milimita 4 usio na kidonda. Nimekuambia hivi ili usije ukamsikiliza mtu atakayekwambia kwamba damu iliyokuwa ikitoka kisiginoni ni jambo dogo.

Lisilokuwemo kwenye karatasi ndilo linalonikosesha raha zaidi: tezi za kinena. Umesema Baba hana mtoki. Ni habari njema, lakini seli chache zilizofika kwenye tezi hazishikiki kwa vidole. Mwulizeni daktari wa upasuaji kama wanaweza kuipima ile tezi ya kwanza inayopokea maji ya limfu kutoka mguuni. Kama haiwezekani hapo, basi angalau apigwe ultrasaundi ya kinena, na kifua na tumbo vikaguliwe. Tezi zikiwa safi kwa kipimo cha kinyama cha tezi hiyo ya kwanza, watu wa hatua yake katika kumbukumbu zile, 87 kati ya 100 walivuka miaka mitano bila melanoma kuwaua. Zikiwa na ugonjwa, nafasi hupungua kufuatana na idadi ya tezi. Ikiwa imefika kwenye mapafu, ini au ubongo, hayo ni mazungumzo mengine kabisa.

Lakini usizichukue namba hizo kama zilivyo. Wengi waliohesabiwa ni watu weupe, na melanoma yao mara nyingi hutokana na jua. Ya Baba ni ile ya nyayo, viganja na chini ya kucha, ndiyo inayotupata zaidi sisi weusi, na jua halihusiki nayo kama linavyohusika na zile nyingine. Kwa jumla matokeo yake ni mabaya zaidi. Tabia ya ugonjwa wenyewe inachangia, lakini kuchelewa kunachangia mno. Hata Marekani kwenyewe, wagonjwa weusi wanaovuka miaka mitano ni kama 70 kati ya 100, wakati weupe ni zaidi ya 90, na weusi hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwenda mbali zaidi.

Hapa nina uchungu, Mwanaidi. Baba alianza na baka jeusi kisiginoni, lenye kingo zilizosambaa ovyo kufuata mistari ya unyayo. Akapewa dawa ya fangasi. Likachimbika, akaambiwa ni sukari, akafungwa bandeji miezi na miezi bila mtu kuchukua kinyama. Kidonda cha unyayoni kisichopona kinatakiwa kukatwa kipande na kupimwa, hata kama mgonjwa ana sukari kweli, hata kama anakumbuka kukanyaga msumari.

Umri wake na uanaume wake navyo si vya kumsaidia, kwa kuwa wanawake na vijana huwa na matokeo mazuri zaidi. Hata hivyo umri peke yake haumalizi habari. Jimmy Carter, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, alitangaza mwaka 2015, akiwa na miaka 90, kwamba melanoma imefika kwenye ini na ubongo. Alitibiwa, pamoja na dawa ya kuamsha kinga ya mwili, akaishi hadi miaka 100. Kuna utafiti uliounganisha dawa mbili za namna hiyo kwa wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umeenea, na baada ya miaka 10, 43 kati ya 100 walikuwa hai. Zamani wengi wao hawakumaliza mwaka. Ila melanoma ya unyayo huzisikia dawa hizi kidogo kuliko ile ya jua, na bei yake unaweza kuikisia. Kwa hiyo tumaini letu kubwa kwa Baba ni kisu, na kisu cha mapema.

Unasema Baba amekataa upasuaji kwa sababu anadhani watamkata mguu. Mweleze taratibu. Kwa unene huo kawaida huondolewa uvimbe pamoja na ngozi isiyo na ugonjwa ya kama sentimita mbili kuuzunguka, kisha huwekewa ngozi kutoka pajani. Atatembelea magongo kwa muda, basi. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa rege, mkumbushe Bob Marley: mwaka 1977 aligunduliwa melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, akashauriwa kidole kikatwe, akakataa, wakatoa kucha na nyama kidogo tu. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Huenda kwa Marley akakusikiliza kuliko kwangu.

Naomba msimpake majani wala dawa ya kuchoma kidonda. Akishapona upasuaji, arudi kliniki kila baada ya miezi mitatu, na wewe au kaka Athumani ajifunze kumpapasa kinena. Mtazameni pia unyayo wa pili na kucha zote, kwenye mwanga mzuri.

Nitumie jina la hospitali mtakayopangiwa na tarehe. Nikipata ruhusa nitakuja Tanga kukaa naye wodini ili nawe upate kulala. Kadi ya bima ihakikini kabla ya Ijumaa, wasije wakamrudisha dirishani.

Wako akupendaye,
Rehema